Wadau wa Makete, Njombe na nyanda za juu: mnalalaje na baridi hii bila kufilisika?

Mwalimu wa Kilwa (mleta mada), saa 3:40 usiku

Habari za usiku wadau. Naandika nikiwa na sweta mbili, soksi mbili na mzula kichwani, na bado vidole vinagoma kubonyeza simu.

Mimi ni mtu wa Kilwa Masoko. Baridi niliyokuwa naijua ni ile ya kusi likivuma mwezi wa saba, unajifunika kanga ya mama mambo yanaisha. Mwaka huu nimepata ajira, nikapangiwa shule ya msingi huku Makete, kata sitaitaja. Niliripoti Aprili nikawa nawapigia simu nyumbani kujisifu, hali ya hewa nzuri, kama friji. Hakuna aliyeniambia kwamba Aprili ulikuwa utani.

Chumba nilichopanga ni cha tofali za kuchoma, sakafu ya sementi, juu bati, dari hakuna. Ukilala chali unahesabu misumari. Alfajiri bati linatoka jasho, matone yananidondokea usoni. Usiku simu inaniandikia nyuzijoto 4, juzi iliandika 2.

Hela ndiyo hivyo. Mshahara wa kuanzia, bodi ya mikopo wanakata asilimia 15 yao, natuma nyumbani, kinachobaki kinanitazama. Nilinunua hita ya umeme ya wati 2000 kwa mtumishi aliyekuwa anahama. Uniti 20 zikaisha siku mbili. Nyumba tuko wapangaji wanne na luku moja, mwenye nyumba akaja mlangoni na karatasi ya hesabu na uso wa mahakamani. Sasa hita iko uvunguni.

Hivyo nimehamia jiko la mkaa kama majirani, hapa naandika liko miguuni. Nauliza kuna njia gani nyingine isiyokula hela? Mke wangu na mtoto wa miezi saba wanakuja mwezi ujao, siwezi kuwaleta kwenye hiki chumba kilivyo.

Halafu kuna kitu kidogo. Tangu wiki iliyopita naamka na kichwa kizito, kinauma mpaka saa nne asubuhi hivi ndiyo kinaachia. Nadhani ni huku juu milimani, mwili haujazoea. Mwenye kujua dawa yake aniambie.

Mkinga wa Kariakoo

Mwalimu, unadhani kwa nini Wakinga tumejaa Kariakoo? Watu wanasema biashara. Tulikimbia hiyo baridi, biashara tuliikuta mbele ya safari.

Kwa kuanzia usinunue kitu kipya dukani. Subiri siku ya mnada, nenda mapema, tafuta mablanketi ya mitumba yale mazito ya sufu. Shika kwa mkono, liwe zito na lisipitishe mwanga ukiliinua juani. Haya mapya yenye picha ya simba yanapendeza kwa macho, baridi linayapita kama wavu.

Komoni Baridi

Ulanzi lita mbili saa moja jioni, unalala kama gogo. Mjadala ufungwe.

Binti Mbena

@Komoni Baridi ulanzi mwezi wa saba utaupata wapi wewe? Ulanzi ni wa masika, mianzi inagemwa wakati wa mvua. Hata uongo uwe na msimu.

Fundi Umeme Njombe

Nimpigie hesabu mwalimu, maana wengi wanadhani luku zao zinaibwa.

Hita ya wati 2000 ikiwaka saa moja inakula uniti 2. Ukiiwasha saa 4 usiku ukaizima saa 9, ni uniti 10. Kwa bei ya kawaida ya karibu shilingi 350 kwa uniti, huo ni usiku wa shilingi 3,500. Kwa mwezi 105,000. Na chumba chako hakina dari, kwa hiyo hilo joto lote linapanda juu linatokea kwenye upenyo wa bati. Unaota wewe kidogo, wanaota kunguru zaidi.

Sasa mwenye nyumba anavyonuna. Nyumba nyingi kama hiyo ziko kwenye daraja la matumizi madogo, zile uniti 75 za mwezi za bei nafuu. Mkipita hapo mnahamishwa bei ya juu wote wanne. Wewe umewatoa kwa siku chache. Mnunulie hata sukari, mwombe radhi.

Nesi wa Zamu

Mwalimu wa Kilwa, acha hayo mengine kwanza. Nijibu haraka: jiko unapolala linabaki wapi? Na dirisha lako likoje? Kuna siku umeamka kichwa hakiumi?

Mwalimu wa Kilwa

Dada shikamoo. Jiko nawashia nje kwanza, moshi ukiisha kabisa na mkaa umekolea wekundu ndiyo naingiza ndani. Sina ujinga wa kulala na moshi. Mlango nafunga, dirisha nimeziba kwa turubai maana lilikuwa na kioo kimoja kimevunjika, upepo unaingia.

Siku ambayo hakiumi… Jumamosi nililala kwa mwalimu mwenzangu Matamba, niliamka mzima. Jumapili nimerudi hapa, Jumatatu kikauma. Leo kimeanza mapema, tangu nimekaa hapa.

Nesi wa Zamu

Toa jiko nje sasa hivi. Usijibu kwanza. Toa jiko, fungua mlango wote, ng'oa hilo turubai, na wewe mwenyewe toka nje. Ukishatoka ndiyo uandike hapa.

Binti Mbena

Mungu wangu.

Mkinga wa Kariakoo

Mwalimu andika hata nukta tujue uko wapi.

Mwalimu wa Kilwa, saa 4:21 usiku

Limetoka. Niko uani kwa jirani nimejifunika blanketi. Wakati nasimama nimeyumba, nikashika ukuta. Nilidhani ni kwa sababu nimekaa muda mrefu.

Nesi wa Zamu

Ahsante Mungu. Sasa nisikilize, na wengine wote mnaosoma kimya kimya msikilize.

Huo si mlima. Mkaa ukiungua kwenye chumba kilichofungwa unatoa gesi inaitwa kaboni monoksaidi. Haina rangi, haina harufu, haiwashi macho. Ikiingia kwenye damu inang'ang'ania chembe nyekundu mara zaidi ya 200 ya oksijeni inavyong'ang'ania, kwa hiyo oksijeni inakosa pa kukaa. Mtu anaanza kichwa, kizunguzungu, kichefuchefu, miguu inakuwa kama si yake, halafu usingizi. Aliyelala tayari hapiti hizo hatua, anaendelea tu kulala.

Na hapo kwenye "moshi ukiisha" ndipo wengi wanapoponzwa. Moshi ndio unaokukohoza ukakufukuza. Mkaa uliokolea hauna moshi, na gesi yake ipo palepale. Hata ule uliofunikwa majivu unaodhani umelala, bado unatoa.

Usiku huu usilale peke yako. Lala kwa jirani, mwambie ukweli ni kitu gani. Ukitapika, ukichanganyikiwa, au kifua kikibana, muamke mwende kituo cha afya usiku huohuo, msingoje kukuche. Ukiwa na nafuu, nenda asubuhi hata hivyo, na ukifika sema neno moja waziwazi: nililala na jiko la mkaa. Usiseme kichwa tu, watakupima malaria wakurudishe. Na wakikuwekea kile kipimo cha kidoleni kikasoma 98 usifurahi, kile hakijui kutofautisha oksijeni na hii gesi, kinahesabu zote kama oksijeni.

Komoni Baridi

Dah. Natoa maneno yangu ya juu. Lakini sista, si angekunywa maziwa?

Nesi wa Zamu

Maziwa yanakwenda tumboni, gesi iko kwenye damu. Tiba ni hewa safi na oksijeni. Ukimkuta mtu amezimia ndani, fungua, mburute nje kwanza, mengine baadaye. Msimmwagie maji, msimnyweshe kitu chochote. Na wewe unayemuokoa vuta pumzi nje ndiyo uingie, tusije tukabeba wawili.

Mzawa 1961

Wanangu, mnatishana bure. Mimi nina miaka zaidi ya sitini, nimezaliwa Ukinga, tumelala na moto ndani maisha yetu yote. Bibi yangu kaota moto mpaka kafa na uzee. Hizi gesi zimeletwa na shule.

Fundi Mabanzi

Shikamoo mzee. Kwa heshima yote, bibi alilala kwenye nyumba gani? Ile ya nyasi, moto katikati, ukikaa nje unaona paa zima linafuka moshi kama chungu. Nyumba ilikuwa inapumua kila mahali. Huyu mwalimu kafungiwa tofali, sementi na bati, tena kaziba dirisha kwa turubai. Moto ni uleule ila nyumba siyo ileile. Mimi najenga hizi nyumba, najua zinavyokaza siku hizi.

Mzawa 1961

Marahaba. Hapo umenena. Paa la bibi kweli lilikuwa linafuka.

Msomaji Kimya

Huwa siandiki humu. Naandika leo tu.

Tulimzika kaka yangu na mkewe siku moja. Walikuwa wametoka kwenye sherehe, mvua imewanyeshea, wakaingiza jiko chumbani wakauke. Sisi tuliokuja kuvunja mlango asubuhi tulikuta kila kitu kiko sawasawa. Viatu vimepangwa. Chupa ya chai iko mezani, mtu mmoja akaifungua bila kufikiri, chai ilikuwa bado ya moto.

Mwalimu nashukuru umetoka.

Binti Mbena

Pole sana ndugu yetu.

Wa Kinangop

Pole sana @Msomaji Kimya. Mimi ni jirani yenu wa Kenya, Kinangop. Huku Julai ukungu unaweza kukaa siku tatu hujaona jua, na kila mwaka lazima tusikie ya watu kuingiza jiko la makaa kwa nyumba. Kuna wale husema ukiweka sufuria ya maji kando ya jiko maji yanavuta gesi. Uongo mtupu, hayavuti kitu. Ingine ni ya kuacha dirisha wazi kidogo.

Mama yangu alitufundisha tofali. Unachukua tofali moja la kuchoma, kavu, unaliweka kando ya moto jikoni mkipika chakula cha jioni. Si ndani ya moto, kando. Mkimaliza kula unalifunga kwa gunia halafu sweta nzee, unaliweka kitandani kwa miguu. Lakini uligeuze ulishike kwa mkono kwanza, kama huwezi kulishika mpaka uhesabu kumi basi lingoje, litachoma blanketi. Na usitumie jiwe la mtoni, likiwa na maji ndani linapasuka.

Chai ya Saa Kumi

Lakini jamani si kweli kwamba ukiacha dirisha wazi kidogo iko salama? Sisi tunafanya hivyo kila siku.

Nesi wa Zamu

Kidogo ni kiasi gani? Ndiyo shida. Hujui upepo unavuta au umelala, hujui mkaa ni mbichi au mkavu. Ukifungua dirisha kiasi cha kutoa gesi yote, joto limetoka nayo, umeunguza mkaa wa bure. Ota moto jikoni mlango ukiwa wazi, ukichoka acha jiko hukohuko, wewe nenda kitandani.

Fundi Mabanzi

Mwalimu ukipona uje tushughulikie chumba. Sisi huku tuna bahati moja, mbao. Kila mashine ya kupasulia paini ina mlima wa maranda nyuma yake, nyingi hawauzi, wanakuomba tu ubebe.

Anza chini. Watu wote wanahangaika na blanketi la juu, baridi linakupata kwa chini kupitia chaga. Godoro likilaliwa linabanwa, hewa yote inatoka ndani yake, linabaki kama karatasi. Chukua viroba vinne vya mbolea, vioshe, vianike, vijaze maranda makavu kabisa, vishone mdomo, vipange uvunguni vikigusa chaga. Juu ya chaga tandaza maboksi, yale makubwa ya biskuti au ya TV, kunjua matabaka mawili. Halafu godoro. Juu ya godoro blanketi moja, ndiyo shuka. Blanketi moja chini yako linafanya kazi ya mawili juu yako.

Kama godoro liko moja kwa moja kwenye sementi, liondoe leo. Sementi inanyonya joto na inalilowesha godoro, baada ya mwezi utaona koga kwa chini.

Juu sasa. Silingi bodi ni hela, najua. Fumua viroba ishirini hivi, vishone vipatane kama shuka kubwa, vipigilie kwenye kenchi, zile mbao zinazobeba paa, kwa misumari na vipande vya mbao. Acha nafasi ya kiganja kwenye kona mbili hewa ipite, usizibe kama mtungi. Jasho la bati litadondokea juu ya viroba badala ya usoni. Ila ujue viroba ni plastiki, vikiguswa na moto vinadondosha matone yanayowaka. Ukiweka dari hiyo, ndani humo hakuna mshumaa, hakuna kibatari, hakuna jiko. Kama huwezi kuahidi hilo, bora uendelee kuhesabu misumari.

Dirisha nunua kioo. Turubai linapiga kelele usiku kucha na bado linapitisha. Mlangoni kwa chini viringisha gunia.

Mkinga wa Kariakoo

Fundi huyu apewe shamba la parachichi.

Mswahili wa Glasgow

Salaam kutoka kwenye baridi la wenyewe. Nilizaliwa Tanga, huku nina miaka kumi na moja.

Huku nilipofika nilikuta nyumba ina mita ya kulipia kabla, luku kabisa, unakwenda dukani na kadi unajaza. Majira ya baridi ya kwanza nilikuwa napasha nyumba nzima halafu nakula mkate mkavu. Mzee mmoja Mskoti jirani yangu akanicheka, akanionyesha kitanda chake. Anapasha kitanda tu. Ana blanketi la umeme la wati kama 100, analiwasha kwa muda wa saa mbili kabla ya kulala, analizima anapoingia. Ukipiga hesabu ya Fundi, hizo ni uniti sufuri nukta mbili. Linganisha na kumi za mwalimu.

Kwa huku, nyumba yenye kifaa cha kupasha joto kinachounguza mafuta, gesi au kuni lazima iwe na king'ora cha hiyo kaboni monoksaidi, Scotland ni sheria tangu Februari 2022. Ni kidude kidogo kama saa ya ukutani. Nikija Desemba naweza kubeba viwili vitatu.

Fundi Umeme Njombe

Blanketi la umeme jipya sina neno. La mitumba sitaki hata kulisikia. Waya za ndani zinakatika kwa kukunjwa kunjwa kwenye marobota, zinacheza cheche godoroni na wewe umelala. Nimebadilisha waya kwenye nyumba moja iliyoungua kwa hilo. Na msichomeke hita kwenye zile ekstensheni za shilingi elfu tano, wati 2000 zinayeyusha plastiki yake.

Binti Mbena

Huku kwetu blanketi la umeme linaitwa kidumu.

Tafuta kidumu cha lita tatu au tano, kile kigumu cha mafuta ya kula chenye kifuniko cha kuzungusha. Si chupa ya maji ya kunywa, ile ukitia maji ya moto inajikunja kama mzee. Chemsha maji, yaache yatulie kidogo yasiwe yanatokota, jaza, kaza kifuniko, halafu kipindue juu ya beseni uone kama kinavuja. Hapo pa kupindua usiparuke! Mimi nilishawahi kuruka, nikalala kwenye bwawa. Kivishe soksi ndefu ya kuchezea mpira au mkono wa sweta, kiingize kitandani nusu saa kabla, pale miguu inapokaa. Ukiingia unakisogeza mpaka chini.

Na raha yake nyingine, asubuhi maji yale bado vuguvugu, unanawia uso. Mkaa ule ule uliopikia ndio uliochemsha, hujaongeza hata kipande.

Soksi ulizoshinda nazo usilale nazo, zina jasho, zinapoa usiku. Weka soksi za kulalia, hazivaliwi mchana.

Komoni Baridi

Nami nichangie kitu cha maana kabla sijafukuzwa. Uji wa ulezi usiku, sukari au siagi kidogo. Tumbo likiwa na kazi mwili unawaka. Na kuoga ni saa saba mchana, jua likiwa juu. Anayeoga saa kumi na mbili asubuhi Makete anatafuta cheo.

Kuhusu pombe nimeuliza mwenyewe, nikaambiwa inafungua mishipa ya ngozini, unahisi joto wakati ndilo linakutoka. Ndiyo maana walevi wanakutwa wamekauka njiani. Kwa hiyo komoni naendelea kunywa kwa sababu nyingine.

Nesi wa Zamu

Nimecheka. Ni kweli lakini.

Mwalimu, kuhusu mtoto, kabla hawajaja. Mtoto wa miezi saba alale na mama kwenye kitanda kilichokwisha kupashwa. Kidumu kitoke kabla mtoto hajaingia, ngozi yake inaungua kwa joto ambalo wewe unaliona la kawaida. Mvalishe tabaka nyembamba tatu badala ya moja nene, umguse shingoni kwa nyuma. Pakiwa na jasho mpunguze, pakiwa pa baridi mwongeze. Mikono na miguu itakudanganya, ya watoto huwa baridi hata wakiwa sawa. Msimfunike uso. Na mama asimwogeshe jioni eti kwa kuwa ndivyo Kilwa wanavyofanya.

Mkisikia anahema haraka au kifua kinaingia ndani akivuta pumzi, ni kituo cha afya, siyo kumwongezea blanketi.

Mzawa 1961

Nimesoma yote. Nimemwambia mama watoto jiko la chumbani kwa wajukuu lihamie jikoni. Kaniuliza nani kakushauri, nikasema bibi.

Mwalimu wa Kilwa, baada ya siku kumi na mbili

Wadau, nimerudi. Samahani kwa kimya, nilikuwa nashona viroba.

Usiku ule nililala kwa jirani, asubuhi nikapanda bodaboda hadi kituo cha afya. Nikasema kama nilivyoagizwa, nililala na jiko la mkaa. Daktari aliweka kalamu chini, akaniuliza ulilala nalo siku ngapi, nikasema kama tisa. Akatikisa kichwa. Waliniwekea oksijeni saa kadhaa, nikapewa ruhusa jioni. Tangu siku ile kichwa hakijauma hata mara moja. Siku tisa nilikuwa nalaumu mlima.

Chumba sasa. Viroba vya uvunguni nimeweka sita, maranda nimepewa bure, nimelipia kijana wa toroli 2,000. Maboksi nimeyaomba kwa Mpemba mwenye duka, kanipa na chai. Dari nimetumia viroba ishirini na vinne vya shilingi 300, uzi na misumari 3,500. Nilishona mwenyewe na wanafunzi wangu wanapita wanacheka, mwalimu kawa fundi cherehani bila cherehani. Kioo 6,000 na kukiweka. Blanketi mbili za mnadani 15,000. Kidumu nilikuwa nacho. Hita nimeiuza 25,000 kwa mtu wa saluni mjini, na ile ya mwenye nyumba nimeimaliza kwa kilo mbili za sukari.

Usiku wa kwanza niliweka kidumu saa tatu na nusu. Nikazima taa, nikaingiza miguu. Jamani. Nilicheka peke yangu gizani. Nje majani yalikuwa meupe asubuhi, jalidi, kama mtu kamwaga chumvi uwanja mzima wa shule. Mimi nimenawa uso kwa maji ya vuguvugu.

Chumba chenyewe bado ni baridi, msidhani ni Kilwa. Ukitoa mkono nje ya blanketi kushika simu unajuta. Lakini nalala mpaka king'ora cha simu.

Nesi wa Zamu

Siku tisa. Hujui ulivyo na bahati. Wasalimie nyumbani.

Mswahili wa Glasgow

Vile ving'ora nimenunua vinne. Kimoja cha mwalimu, kimoja cha mzee Mzawa, viwili mtaamua humu.

Fundi Mabanzi

Kimoja kiende kwa @Msomaji Kimya.

Msomaji Kimya

Nitakipokea.

Chai ya Saa Kumi

Mwalimu, samahani kuuliza, hizo blanketi za 7,500 ni mnada wa siku gani? Nimetoa jiko chumbani tangu juzi na huku natetemeka.

Mwalimu wa Kilwa

Nakutumia pembeni. Lakini fika kabla ya saa moja, kina mama wa Kikinga wakishapita unakuta mapazia.